Utepe wa Bweni la Matumaini

Haya hayakutokea zamani za kale. Yalitokea mwaka jana na mwaka huu, katika nchi ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Sheria inataka jina la nchi yetu litajwe mtu akiwa amesimama wima, kifua mbele, na hapa ninapoandikia dari haliniruhusu kusimama. Basi tuiite nchi yetu tu. Ukidhani ni yako, hayo ni yako na dhamiri yako.

Ni nchi njema. Ina amani, ina milima miwili, na ina Wizara ya Ufunguzi, ambayo ni kubwa kuliko wizara zote. Nchi nyingine hujenga kitu kisha zikakitumia. Sisi hujenga kitu, tukakifunga utepe, tukamngoja Mgeni Rasmi aje aukate. Utepe usipokatwa, kitu hicho hakipo. Daraja la Mto Kizibo lilikamilika nikiwa mtoto, likafungwa utepe, na mpaka leo watu wa ng'ambo huvua viatu wakapita majini, chini ya daraja, huku wameinua macho wakilisifu. Kisima cha kijijini kwetu kina utepe. Kina mama huchota maji bwawani pamoja na ng'ombe, halafu wakirudi hupita kisimani kupiga vigelegele. Hakuna anayeinama akapita chini ya utepe, wala anayeuruka. Tunafundishwa hivyo tangu chekechea, kabla hata ya kufundishwa majina yetu.

Mimi naitwa Ndaro. Mashairi nilijifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku nachunga ng'ombe, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu, hakuna aliyenifundisha unyenyekevu. Siku nilipopata nafasi ya chuo, mtu wa kwanza kutoka kijijini kwetu, nilisimama mbele ya mashine ya kusaga nikawaambia wote waliowahi kunicheka:

"Hamtaniona tena hapa ila nimevaa joho!"

Mama alinivuta shati kwa nyuma. "Baba, ungesema Mungu akipenda."

"Ameshapenda, mama. Barua si hii?"

Hivyo ndivyo nilivyoondoka. Yakumbuke maneno hayo, maana kijijini kwetu hakuna aliyeyasahau.

*

Chuo kilitupokea kwa hotuba. Aliyehutubu alikuwa Afisa Itifaki, Bwana Kilindo, mtu mwembamba mwenye sauti ya mtu anayesoma hata pale asiposoma, na begani amening'iniza mkoba wa tepe.

"Ninyi ni kizazi chenye bahati," alisema. "Sisi tulipangiwa mabweni kama magunia. Ninyi mtachagua. Serikali yenu sikivu imewapa Uhuru wa Kuchagua Bweni. Uhuru huu hutumika mara moja, haurudishwi, haubadilishwi, na asiyeutumia atachukuliwa hatua kali."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Akaendelea kusema kwamba usajili ungefungwa Ijumaa alasiri. Mwanafunzi alitakiwa kufika kwa Msajili kwa miguu yake mwenyewe na kuigusa meza kwa mkono. Asiyeigusa, nafasi yake ingepewa mtu mwingine aliye tayari. Watu walio tayari walikuwa wamejaa nje ya geti. Walikuwa wamevaa vizuri, na kila mmoja alikuwa na mjomba serikalini.

Mabweni yalikuwa matatu. Bweni la Ukombozi lilijengwa na mkoloni kwa ajili ya farasi, na farasi waliondoka wakilalamika. Bweni la Ustahimilivu lilikuwa bado ni jiwe la msingi. Jiwe lenyewe zuri, la marumaru, lenye jina la Waziri kwa herufi za dhahabu. Wakazi wake walilala kulizunguka, vichwa vimeelekea jiweni. Walikuwa na kiranja na zamu ya kupiga deki.

La tatu lilikuwa Bweni la Matumaini. Ghorofa moja, rangi bado inanuka, vitanda vipya, magodoro yangali ndani ya nailoni.

"Hili ndilo langu," nikasema.

Karibu yangu alisimama kijana mfupi mwenye macho ya usingizi. Jina lake Pazi, na alikuja kusomea Uongozi wa Foleni. Alilitazama bweni, akanitazama mimi.

"Kaka, kitu kizuri namna hii kwetu hakikosi mwenyewe. Mimi nachagua jiwe."

"Ulale nje kama mbuzi?"

"Jiwe halina mlango. Kisicho na mlango hakikufungii."

"Mwoga wewe," nikamwambia. "Njoo uone kitanda, utabadili dini."

Nikamburuta. Laiti ningekuwa nimesoma Uongozi wa Foleni.

*

Nilichagua kitanda cha dirishani, nipate mwanga wa kuandikia. Pazi akachagua cha mlangoni. Tulikuwa tumesafiri safari ndefu, na ile nailoni ilikuwa baridi mgongoni. Tulijilaza kidogo tu, tujaribu.

Tulipoamka, mlangoni palikuwa na utepe.

Ulikuwa wa hariri, wenye rangi ya taifa, ambayo ni nyekundu iliyopigwa na jua. Ulitoka nguzo hii hadi ile, na katikati ulikuwa na fundo kubwa lenye mashavu. Nje alisimama Bwana Kilindo akilirekebisha fundo kwa ncha za vidole, kama mama anayemfunga mtoto kilemba.

"Bwana Kilindo!" nikapiga kelele. "Sisi tumo ndani!"

"Hammo," akajibu, bila kuinua macho.

"Hunioni?"

"Kama mtu binafsi, nakuona. Kama afisa, sikuoni. Jengo ambalo halijazinduliwa halina watu."

"Basi fungua tutoke."

"Asiyekuwemo hatoki, kijana. Hata wewe msomi hilo hulijui?"

Pazi alikuwa ameshakaa kitandani, mikono magotini. "Mlango wa nyuma?" akauliza kwa upole.

Kulikuwa na mlango wa nyuma. Kwa mujibu wa ramani, ulikuwa kwenye awamu ya pili ya ujenzi. Kwa sasa ulikuwa umechorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, pamoja na kitasa chake. Nilikishika kitasa kile kwa aibu kubwa. Madirisha yalikuwa na nondo, za kuwalinda wanafunzi dhidi ya wezi na wezi dhidi ya wanafunzi. Na bombani, kwenye kila koki, palifungwa utepe mdogo, mzuri, wa upana wa kidole.

"Mgeni Rasmi anakuja lini?" nikauliza.

"Mheshimiwa Waziri wa Ufunguzi," alisema Bwana Kilindo, akasimama wima kwanza, "atafika kesho. Mkiwa mmo, nasema mkiwa, jifunzeni subira."

*

Kesho ilifika, Waziri hakufika. Alikuwa anazindua kalamu ya kusainia ratiba ya uzinduzi wa bweni letu.

Aliyetulisha alikuwa matroni wa bweni, Bi Zawena, mama mnene mwenye kicheko cha karibu. Sahani haikupita kati ya nondo, kwa hiyo alitukandia ugali kwa matonge, akapima kila tonge kwenye nondo kama fundi anayepima boriti. Maji alituletea kwa mpira wa kumwagilia maua.

"Fungua kinywa, mwanangu. Haya. Na wewe wa usingizi, sogea."

"Bi Zawena," nikamwambia, "wewe ndiwe matroni wa bweni hili. Ung'oe tu utepe huu."

Alirudi nyuma hatua moja, mkono kifuani. "Ndaro! Mimi nina wajukuu!"

"Ni kitambaa tu, mama."

"Hata sanda ni kitambaa tu."

Siku zikaenda. Wenzetu wa mwaka wa kwanza walipita na vitabu wakielekea kwa Msajili, wakatupungia mikono. Wakazi wa Ustahimilivu walikuja jioni kutupa pole, maana walikuwa na nafasi ya kutembea. Kila siku Bwana Kilindo alitoa taarifa. Mheshimiwa yuko njiani. Mheshimiwa ameanza kufikiria kuondoka. Mheshimiwa ameondoka, lakini njiani amekutana na barabara mpya yenye utepe, na hawezi kuipita kabla hajaizindua, na mkasi ameusahau nyumbani, upande wa pili wa barabara.

Alhamisi damu ilinipanda. Nilishika nondo za dirisha langu nikatoa ubeti kwa sauti ambayo hata ng'ombe wa kwetu wangeitambua:

*Utepe huu laini, umetufunga wazima,*
*Ungekuwa wa madini, tungesema ni lazima,*
*Ni uzi tu mlangoni, mbona wakubwa mwahema?*
*Na mlio nje jueni, hata ninyi mmekwama.*

Bwana Kilindo akanitazama, nadhani kama mtu binafsi.

"Kimalizio kizuri," alisema, akaondoka haraka.

Bi Zawena alibaki chini ya dirisha, tonge mkononi. "Hebu irudie ile ya mwisho, mwanangu. *Na mlio nje*..."

*

Ijumaa mchana watu walio tayari walianza kuingia getini, wakiongozwa na wajomba. Kutoka dirishani kwangu niliuona mlango wa Msajili. Ungeweza kurusha jiwe ukaupiga. Nilimwona mmoja wao akisimama mlangoni pale, akijinyoosha tai, akiiangalia saa yake. Alikuwa anaingojea nafasi yangu.

Nikalikumbuka joho. Nikaikumbuka ile mashine ya kusaga na wale watu mbele yake.

"Pazi, twende."

"Twende wapi?"

"Nje."

"Kaka," alisema Pazi, na kwa mara ya kwanza macho yake yalifunguka yote, "wewe unajua adhabu yake?"

"Sijui."

"Ndiyo maana inatisha. Hakuna aliyewahi kuipata."

Nikaenda mlangoni. Nikanyoosha mikono niung'oe utepe, mikono ikakataa. Nakuambia kweli tupu: vidole vilifika karibu vikakunjamana, kama vya mtoto aliyechapwa. Mikono yangu ilikuwa imesoma chekechea ya nchi yetu. Lakini meno hayakwenda shule. Nikainama, nikauma.

Hariri ni ngumu. Nilitafuna, nikavuta kwa shingo, kama mbwa anayevuta ngozi, na watu wakakusanyika wakiwa kimya kabisa. Kisha kikasikika kitu kidogo, *chwaa*, na vipande viwili vikaanguka pande mbili.

Bi Zawena alipiga yowe. Walinzi walishika virungu, lakini hawakujua wampige nani, kwani ndani hakukuwa na mtu. Bwana Kilindo alisimama mbele yangu, midomo ikicheza. Alikuwa anafikiri kwa sauti.

"Utepe hukatwa na Mgeni Rasmi tu. Hiyo ni sheria. Utepe huu umekatwa. Kama umekatwa na mwanafunzi, sheria imevunjwa mbele ya Afisa Itifaki, na wa kwanza kufungwa ni Afisa Itifaki." Alimeza mate. "Mimi nina presha. Jela siiwezi." Akanyooka, akagonga visigino. "Mheshimiwa! Karibu sana! Wananchi, makofi kwa Mgeni Rasmi!"

Wananchi wa nchi yetu hawahitaji kuambiwa mara mbili.

"Mimi naenda kwa Msajili!" nikapiga kelele kati ya vigelegele. "Niacheni, naenda kugusa meza!"

"Mheshimiwa hawezi kuwa mwaka wa kwanza," Bwana Kilindo alininong'oneza, huku akinivika shada la maua. "Sikiliza, kijana. Kuna malazi mawili. Kuna gereza, na kuna Nyumba ya Waheshimiwa. Uhuru wa kuchagua hutumika mara moja, lakini kwa heshima yako tunakuongezea. Chagua."

Kwa mbali, kichwa kimoja kilikuwa kinakatiza umati. Pazi alikuwa amepita kati ya vipande viwili vya utepe bila kuguswa na mtu, na sasa alikimbia kuelekea kwa Msajili, viatu mkononi, mkono mwingine ameshaunyoosha mbele kutafuta meza. Aliigusa. Mwenye tai aliyekuwa akiiangalia saa alipata nafasi yangu.

Nikachagua Nyumba ya Waheshimiwa. Ni nzuri sana. Madirisha yake nayo yana nondo, ila zimepakwa dhahabu.

*

Habari zilipomfikia Waziri, alifurahi, kwa sababu safari zilikuwa zimemchosha. Nikafanywa Naibu wake. Na kwa kuwa nchi yetu huheshimu desturi hata kama imezaliwa jana, Wizara ilitoa waraka: kuanzia sasa tepe zote za taifa zitakatwa kwa meno. Mikasi ilikusanywa, ikachomwa moto kama masalia ya ukoloni. Mawaziri wenye meno ya bandia walijiuzulu kwa sababu za kifamilia.

Nilidhani nimepata bahati. Nikajiambia: Ndaro, sasa utauma nchi nzima. Utauma daraja la Kizibo. Utauma kisima cha mama yako.

Wiki ya pili walikuja wataalamu watatu na kioo kidogo chenye mpini. Walinihesabu meno, wakayapa namba, wakayatangaza kuwa mali ya taifa.

"Ni heshima kubwa," alisema Bwana Kilindo, ambaye sasa alikuwa msaidizi wangu, au mlinzi wangu. Sikuwahi kuujua mpaka kati ya kazi hizo mbili. "Kuanzia leo huyatumii bila kibali cha Baraza."

"Nitakula nini?"

"Uji. Taifa linatoa uji."

Vibali vilikuja, siwezi kudanganya. Nilipata kibali cha kuuma utepe wa choo kipya cha Waziri. Nilipata kibali cha kuuma utepe wa ghala la tepe. Cha daraja kilikuwa kinashughulikiwa. Na chuo, ili kunituliza, kilinipa udaktari wa heshima, pamoja na joho jekundu lenye kola ya manyoya. Sikuwa nimesoma hata siku moja.

Basi nikarudi nyumbani nimevaa joho, kama nilivyoapa.

Walinipokea kwenye mashine ya kusaga. Wale waliowahi kunicheka walipiga makofi kuliko wote. Nilipelekwa kisimani, nikahutubu nikiwa mbele ya utepe, juu ya zulia, na nyuma ya watu niliwaona ng'ombe wakinywa bwawani. Mama alisogea na ndoo yake tupu. Hakuchangamkia joho. Alilishika kwenye pindo tu, kama anavyoshika kitambaa sokoni.

"Baba, umesomea nini?"

Nikacheka kidogo, kicheko nilichofundishwa na Wizara.

"Haya," alisema. "Basi uma huo utepe, tuchote maji. Wanasema ndiyo kazi yako."

"Kibali hakijafika, mama."

Mama akajitwika ndoo yake na kushuka bwawani. Alipopita kisimani, nadhani kwa ajili yangu, alipiga kigelegele kimoja.

*

Mwaka huu wanafunzi wapya walipofika chuoni, Bweni la Ustahimilivu lilikuwa limejengwa hatimaye, juu ya jiwe lake, nondo na rangi na kila kitu. Lilifungwa utepe. Mimi nilipelekwa Ijumaa kuhutubu tu. Mwenye kuuma alikuwa Waziri mwenyewe, na Waziri alikuwa njiani.

Chini ya dirisha alisimama Bi Zawena akipima tonge kwenye nondo. Aliponiona alishtuka, akaficha mkono nyuma. Ndani ya dirisha kulikuwa na uso wa kijana, mkali, wenye macho ya mtu ambaye hajalala.

"Bwana Kilindo," nikasema taratibu, "mle ndani kuna mtu."

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Jina lake nani?"

"Mbaruku," alisema Bwana Kilindo, akajuta.

Nilipanda jukwaani, nikafungua hotuba. *Serikali inatambua*... Sikumaliza sentensi. Sauti ilitoka dirishani, ya kijana anayetaka asikiwe hata na ng'ombe:

"*Na mlio nje jueni, hata ninyi mmekwama!*"

Umati ulicheka, ukajizuia. Bi Zawena alikuwa anaangalia miguu yake. Yeye ndiye aliyemfundisha. Ningemfahamu mwalimu huyo popote.

"Na wewe mnene wa joho!" Mbaruku aliendelea. "Usajili unafungwa alasiri! Ukishaisoma karatasi yako, nenda kamwambie mama yangu kwa nini nimerudi!"

Kisha akaondoka dirishani. Nikamwona mlangoni, nyuma ya utepe. Alinyoosha mikono, vidole vikakunjamana. Alivitazama kwa mshangao, kama nilivyovitazama vyangu. Halafu akainama, akafungua kinywa.

"Usiume!" nikapiga kelele. "Usiume, mdogo wangu!"

"Mmemsikia Mheshimiwa," Bwana Kilindo alitangaza kwa furaha. "Amekataza!"

Mbaruku alininyanyulia macho. Sijawahi kutazamwa vile. Nami nilikuwa nimewahi kumtazama Bwana Kilindo vilevile, mwaka mmoja nyuma, kutoka dirisha lingine. Ningemwelezaje? Kwamba akiuma atapewa zulia, uji na nyumba yenye nondo za dhahabu, na meza ya Msajili hataigusa milele? Kwamba asipouma, hataigusa pia? Mlangoni kwa Msajili alikwishasimama mtu, akijinyoosha tai.

Nikashuka jukwaani. Joho lilinikwamisha ngazini, nikaliacha hapo hapo ngazini.

"Mheshimiwa," Bwana Kilindo alinifuata, jasho likimtoka, "Mheshimiwa, kibali cha meno! Kibali hakijafika! Bila kibali wewe si Mgeni Rasmi, wewe ni mtu tu!"

"Hilo ndilo nalitafuta," nikasema, nikauma.

Sikutafuna safari hii. Nilikuwa nimeshajua pa kuanzia.

Utepe ulipokatika tulibaki uso kwa uso, mimi na Mbaruku, pua kwa pua, kila mmoja kinywa wazi. "Kimbia," nikamwambia. "Iguse meza. Usimshukuru mtu." Hakunishukuru. Alinipiga kikumbo begani akapita, na mbio zake zilikuwa nzuri kuliko shairi lolote nililowahi kutunga, na sisemi hivyo kwa urahisi.

*

Sasa unajua kwa nini siwezi kusimama.

Gereza hili ni jipya. Dari lake ni fupi kwa sababu nusu yake ya juu iko awamu ya pili. Mlango hauna kufuli, una utepe. Kwa kuwa halijazinduliwa, mimi simo humu, na kwa kuwa simo, sina kesi, sina hukumu, na sina siku ya kutoka. Bwana Kilindo alinieleza mwenyewe, kwa huzuni ya kweli. Yumo chumba cha pili. Naye hayumo.

Utasema, si uume tena? Taifa liliona mbali. Siku ya kwanza wale wataalamu watatu walirudi na kioo chao kidogo na koleo, wakachukua mali ya taifa yote, namba kwa namba. Walinipa stakabadhi.

Bi Zawena huniletea uji, kwa mrija. Jumamosi ile alipofika, nilimuuliza kabla ya salamu.

"Aliigusa?"

"Aliigusa, mwanangu. Kwa mikono miwili."

"Kitanda?"

"Cha dirishani."

Nikanywa uji wangu wote.

Wataalamu waliandika meno tu. Ulimi hawakuuorodhesha, nadhani kwenye fomu yao haukuwa na nafasi. Kwa hiyo nafanya kazi. Maneno yanatoka yakipiga miluzi kidogo, lakini yanatoka. Jana asubuhi mlinzi wa zamu alikuwa anafagia ukumbi huku anaimba chinichini, mgongo kanipa: "*Na mlio nje mjueni, hata ninyi mmekwama*..."

Nikagonga ukuta.

"Afande," nikamwambia, "mizani imezidi. Ni *jueni*. Anza upya."

Alisimamisha ufagio. Akatazama huku na huku. Akaanza upya.